“Ni umeme tu”

Kuna kauli moja fupi inayosikika katika gereji nyingi, kuanzia zile za chini ya mwarobaini hadi zile zenye vigae na kiyoyozi: “Ni umeme tu, bosi.” Gari lenyewe ni la 4x4, halijamaliza miaka minne tangu litoke kiwandani, na viti vyake bado vinanukia upya. Malalamiko yake hayashikiki. Taa ya njano yenye picha ya usukani inawaka asubuhi na kuzimika kabla ya saa sita. Redio inajizima yenyewe. Siku mbili tatu usukani umekuwa mzito kama wa lori, halafu ukalainika kabla mwenye gari hajapata mtu wa kumwonyesha. Fundi anachomeka mashine, anasoma namba, anazifuta, taa inazimika, mteja analipa na kuondoka. Hakuna aliyedanganywa, maana tatizo kweli ni la umeme. Ninachokipinga ni lile neno la mwisho, “tu”. Katika gari lililoundwa miaka ya karibuni, umeme unaushika usukani pamoja na dereva. Anayeitupa hitilafu ya umeme kwenye kapu la vijikero, pamoja na spika inayokwaruza na taa ya buti isiyowaka, ameutupa na usukani humohumo.

Tuanze na chuma chenyewe. Kwa miaka mingi msaada wa usukani ulikuwa kazi ya mafuta: injini inazungusha mkanda, mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta yanayoisaidia mikono ya dereva. Mfumo huo ulikuwa na adabu ya kutoa taarifa. Pampu ikichoka hulia, mpira ukipasuka mafuta hudondoka, na hata kijana anayeosha magari huliona doa sakafuni. Mfumo unaochukua nafasi yake hauna tone la mafuta. Una sensa inayopima jinsi dereva anavyokaza mkono, kompyuta inayokokotoa, na mota ya umeme inayosukuma. Toyota ilipozindua Land Cruiser 250 mwaka 2023, gari ambalo katika masoko mengi bado linaitwa Prado, ilikuwa mara ya kwanza kwa ukoo wa Land Cruiser kupewa usukani wa mota ya umeme. Defender mpya, iliyoonyeshwa mwaka 2019 baada ya ile ya zamani kuacha kuundwa Solihull mwezi Januari 2016, nayo imeacha mafuta, na Land Rover wenyewe walitangaza kwa fahari kwamba mfumo wake wa umeme umejengwa kubeba kompyuta 85. Jeep Wrangler ya kuanzia toleo la 2018 imesimama katikati ya njia: mafuta ya usukani yapo, lakini pampu yake haigusani na mkanda wa injini. Inazungushwa na mota ya umeme.

Mota hizi ni walafi. Taa kubwa ya mbele ya kawaida yenye wati 55 hutumia ampea zisizofika tano. Mota ya usukani, gari likiwa limesimama juu ya kokoto na matairi mapana yakageuzwa hadi mwisho, inaweza kuvuta ampea 80 au zaidi kwa sekunde chache. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, na injini ikiwaka altaneta huinua kipimo hicho karibu na volti 14. Sasa weka katikati ya safari hiyo waya wa ethi uliolegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, au kichwa cha betri chenye ukoga mweupe, au soketi iliyoingiwa na maji ya mto. Kwa redio, upungufu wa volti mbili haumaanishi kitu. Kwa kompyuta ya usukani ni amri ya kupunguza msaada au kuukata kabisa, na ikishakata hukaa hivyo hadi volti zirudi au injini izimwe na kuwashwa upya. Ndiyo maana hitilafu hii huonekana kama jini: fundi akija, jini limeondoka. Zipo hata Wrangler zenye betri mbili, kubwa na ndogo, ile ndogo ikiwa imewekwa kwa ajili ya mfumo unaozima injini kwenye foleni. Ile ndogo ikizeeka huweza kumnyonya mwenzake usiku kucha, na mwenye gari akabaki anabadilisha betri isiyo na kosa.

Hadi hapo mtu anaweza kusema nimeeleza ufundi, sijathibitisha hatari. Ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwenye magari madogo ya saluni, si ya porini, na ninauleta hapa kwa sababu unaonyesha neno lilivyoweza kuua. Mwaka 2014 General Motors ya Marekani iliyaita yarudi kurekebishwa magari takriban milioni 2.6, mengi yakiwa Chevrolet Cobalt na Saturn Ion, kwa ajili ya swichi ya kuwashia injini. Swichi ilikuwa legevu. Rundo zito la funguo au shimo barabarani liliweza kuirudisha nyuma hatua moja, na hapo injini ikazima, msaada wa usukani ukakatika, na mifuko ya hewa ikakosa umeme wa kufumuka. Malalamiko yalianza karibu miaka kumi kabla ya hapo. Uchunguzi ambao kampuni yenyewe iliuagiza, ukaongozwa na wakili Anton Valukas, ulionyesha kilichotokea ndani: wahandisi waliliweka tatizo hilo katika fungu la usumbufu kwa mteja, siyo fungu la usalama. Lilipopewa jina hilo, likapangwa foleni pamoja na mambo ya usumbufu, likapimwa kwa gharama za usumbufu, na likangoja kama yanavyongoja mambo ya usumbufu. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 ili kumaliza kesi ya jinai. Swichi ile ilikuwa kitu cha bei ndogo sana, na kila aliyeiona aliweza kusema, bila kudanganya, kwamba ni umeme tu.

Mwaka huohuo wa 2014, mwezi Mei, Ford nayo iliita magari yake, na safari hii yalikuwa ya aina inayotuhusu zaidi. Escape na Mercury Mariner zaidi ya 900,000 za matoleo ya 2008 hadi 2011 zilikuwa na tatizo la sensa ya mkazo kwenye mhimili wa usukani. Explorer karibu 200,000 za 2011 hadi 2013 zilikuwa na muunganiko wa umeme ndani ya kisanduku cha usukani uliokuwa ukishika na kuachia. Angalia umri wa hizo Explorer: zote zilikuwa na miaka michache tu barabarani. Hakuna tairodi iliyokwisha wala mpira uliopasuka. Ncha mbili za waya hazikukutana vizuri na gari zito la familia likapoteza msaada wa usukani. Miezi kumi na minne baadaye, Julai 2015, Fiat Chrysler iliita magari milioni 1.4 baada ya watafiti Charlie Miller na Chris Valasek kuonyesha kwamba waliweza kuingia ndani ya Jeep Cherokee kwa kupitia redio yake yenye intaneti, wakiwa mbali na gari. Wakati huo usukani waliweza kuugeuza tu gari likiwa linarudi nyuma polepole. Lakini jambo zima, ukilifikiria, ni la ajabu: kulikuwa na njia ya kutoka kwenye redio hadi kwenye magurudumu. Nani basi atathubutu kusema redio inayojizima katika gari la namna hiyo ni shida ya muziki?

Pingamizi la kwanza nalisikia kabla sijamaliza sentensi, hasa kutoka kwa wazee wa Land Cruiser za mkonga na Land Rover 110: turudi kwenye chuma. Waliokuwa wanatembelea mbuga, kupeleka chanjo na kuvuka mito kwa magari yasiyo na kompyuta hata moja walifika na kurudi. Naelewa hamu hiyo, lakini ushahidi hauikubali yote. Wrangler imebaki na mhimili mmoja mzima mbele, muundo uleule wa magari ya kazi ya zamani, na ni muundo huohuo unaoiletea ule ugonjwa ambao wenye Jeep wa Marekani wameubatiza mtetemo wa kifo: gari likigonga kishimo kwa mwendo wa barabara kuu, magurudumu ya mbele yanaanza kucheza kushoto na kulia, kila pigo likizaa pigo jingine, na usukani unamtikisa dereva mikononi hadi apunguze mwendo kabisa. Wrangler za 2018 ziliupata zikiwa mpya. Mwaka huohuo baadhi yake ziliitwa kwa sababu uchomeleaji wa kishikio cha fito inayouzuia mhimili wa mbele usihame pembeni ulikuwa na kasoro, na mwaka uliofuata kampuni ikaanza kubadilisha bure shokapu ya usukani, ikieleza kwamba ile ya mwanzo ilidhoofika wakati wa baridi kwa sababu ya mapovu kwenye mafuta yake. Chuma nacho kinaumwa. Ila ona tena jina lilivyofanya kazi: mabadiliko hayo ya shokapu hayakuitwa wito wa usalama, yaliitwa huduma ya kumridhisha mteja, na wateja wakaenda mahakamani. Shokapu inameza mtetemo. Kama kuna boljointi iliyolegea au bolti isiyokazwa, ugonjwa unabaki pale pale umefunikwa shuka.

Usukani wa umeme, kwa haki yake, una faida ambazo mtu wa njia mbovu hawezi kuzidharau. Hauna mafuta ya kuvuja wala mkanda wa kukatika katikati ya Selous. Toyota walieleza walipouweka kwenye 250 kwamba unapunguza yale mapigo ya ghafla yanayorudi mikononi tairi linapogonga jiwe, na dereva aliyewahi kuvunjwa kidole gumba na usukani wa Land Rover ya zamani hatahitaji kuelezwa mara mbili. Sidai kwamba mota ing’olewe. Nadai ipewe heshima ya kiungo cha usalama, pamoja na kila waya unaoilisha, kama tunavyouheshimu mpira wa breki. Hakuna fundi anayeona mpira wa breki unatoa jasho akasema ni mafuta tu.

Pingamizi la pili ni la kisheria na lina uzito zaidi. Watetezi wa viwanda husema kukatika kwa msaada si kukatika kwa usukani: fito na gia bado zimeungana na magurudumu, na dereva anaweza kugeuza kwa nguvu zake. Ni kweli. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, ambayo viwanda vya Ulaya na Japani huifuata, inataka gari la abiria ligeuzwe kwa nguvu isiyozidi nyutoni 150 mfumo ukiwa mzima, na isiyozidi nyutoni 300 msaada ukikatika. Lakini nyutoni 300 ni sawa na kuinua kilo 30, zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, kwa mikono iliyonyooshwa mbele, na hicho ni kipimo cha gari lililotoka kiwandani na matairi yake. Wengi wetu hubadilisha matairi hayo kwa mapana zaidi mwezi wa kwanza. Zaidi ya hayo, kanuni inapima nguvu ya mkono, haipimi mshtuko. Dereva anayejua usukani wake ni mzito amejiandaa. Anayeshuka mlima Kitonga, kona iko nusu, lori linapanda upande wa pili, na usukani uliokuwa mwepesi kama wa baiskeli unakuwa jiwe ghafla, ana sekunde moja ya kuelewa kilichotokea na nyingine ya kukaza misuli. Dereva mwenye mwili mdogo, au mwenye umri mkubwa, anaweza asiwe na hizo kilo 30. Gari kwa maneno ya kitaalamu bado linageuka, ila halimgeukii yeye.

La tatu ni lile ambalo wauzaji hulipenda: sisi wenyewe ndio waharibifu. Tunafunga winchi, friji, taa za mwanga mkali juu ya paa, redio za mawasiliano, na mara nyingi fundi anachubua waya wa kwanza anaoukuta na kusokotea humo. Hapa nakubali kuliko wanavyotarajia. Kazi mbaya ya waya inaua mifumo mingi kuliko kiwanda, na gari la 4x4 la leo haliwezi kuvumilia kuungwaungwa kama pikipiki. Taa za ziada zinataka waya wake, fyuzi yake na rilei yake, kutoka kwenye betri. Hata hivyo Explorer zilizoitwa hazikuwa na winchi, wala Cobalt hazikuwa na taa juu ya paa. Na hata pale kosa ni la fundi wa mtaani, kukubali kwamba waya uliosokotwa vibaya unaweza kuzima usukani ni kukubali hoja yangu nzima. Fundi rewaya anayegusa gari la namna hii anagusa usukani, atake asitake, na mafunzo ya ufundi ya VETA yangefanya vema kumwambia hivyo siku ya kwanza darasani.

Kuna watakaouliza kwa nini gazeti la Kiswahili lipoteze karatasi kwa matatizo ya magari ambayo wengi hawataweza kuyanunua. Jibu liko bandarini. Gari jipya la Tokyo au Durham ya Uingereza la leo ni gari la mkononi la Dar es Salaam na Mombasa baada ya miaka michache. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Uganda imeweka mpaka wa miaka 15, na Tanzania inayatoza ushuru zaidi magari makuukuu. Kwa hiyo sera zetu zenyewe zinatusukuma kununua magari yenye mota kwenye usukani. Land Cruiser 250 ilianza kuuzwa Japani Aprili 2024. Itafika, na itabeba wagonjwa, wapiga kura na watalii. Kinachokosa kufika nayo ni habari zake. Gari likiitwa Japani, mmiliki wa kule hupata barua. Likiwa limeshavuka bahari, barua inabaki kule. Marekani tangu mwaka 2014 mtu yeyote huweza kuandika namba ya chesi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani akaona kama gari lake lina wito ambao haujatekelezwa. Gari lililouzwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi zaidi, ambayo tovuti hiyo haiitambui, na ambayo inabidi itafutwe kwenye kurasa za kiwanda au za wizara ya Japani, nyingi zikiwa kwa Kijapani. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Ngong Road, huo ni ukuta.

Ukuta huo serikali inaweza kuubomoa kwa gharama ndogo sana. Kila gari la mkononi linaloingia nchini hupita mkononi mwa ofisa anayeandika namba ya chesi. Mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, inaiandika inaposajili, shirika la viwango, TBS, linaiona linapokagua, na kule Kenya NTSA na KEBS vivyo hivyo. Mwagizaji alazimishwe kuleta, pamoja na hati nyingine, karatasi moja inayoonyesha kama namba hiyo ina wito wowote wa kiwanda ambao haujatekelezwa, na nakala yake akabidhiwe mnunuzi. Wakala anayelitoa gari Japani anaweza kuipata kwa dakika chache, maana anasoma Kijapani na yuko jirani na muuzaji. Nikisikia kwamba hilo litachelewesha magari bandarini, nitakumbusha kwamba tayari tunangoja huko kwa sababu zisizo na faida kwa uhai wa mtu. Wenye bima nao wana kazi yao. Ripoti ya ajali inayosema “dereva alishindwa kulimudu gari” ingefaa kuwa na mstari mmoja zaidi: kompyuta ya usukani ilisomwa? Kumbukumbu ya hitilafu hubaki ndani yake hata gari likiwa limekunjika, na kwa sasa mara nyingi huishia kwenye mnada wa vyuma chakavu pamoja na mota yake.

Kwa mwenye gari, taa ya usukani ikiwaka, hata kwa dakika moja, hata ikazimika yenyewe, gari hilo lisitoke kwa safari ndefu mpaka betri, altaneta na kila ethi vipimwe kwa mita, usukani ukigeuzwa hadi mwisho huku injini ikiwaka, maana kipimo cha gari lililotulia hakisemi kitu. Na fundi akishachomeka mashine yake na kuinua kidole ili azifute zile namba, mshike mkono kwanza. Mwambie akuandikie zote kwenye karatasi, pamoja na tarehe na kilomita za siku hiyo, ndipo afute.